Namba Zimegoma Kulingana: Kutafuta Kosa la Vipimo vya Kale kwenye Ramani za Tanga

Karatasi za zamani za Tanga zina vipimo vya watu wengi kwenye meza moja. Wajerumani walipima bara kwa mita na kuchora ramani za skeli ya 1:300,000. Waingereza waliowafuata wakaja na futi, mnyororo na ekari kwenye hati za mashamba ya mkonge. Ramani za bahari za Uingereza, ambazo mizizi yake ni upimaji wa Kapteni William Owen wa miaka ya 1820, zilihesabu kina kwa pima ya futi 6. Na wavuvi wa Sahare na Deep Sea wana pima yao ya mikono, ambayo si ileile. Ndiyo maana mtu anageuza kila kitu kwa uangalifu, anaweka kwenye kompyuta, na mpaka wa shamba unaangukia baharini.

Namba zikigoma, usikimbilie kugeuza upya. Gawanya kwanza. Chukua urefu wa kweli kati ya nukta mbili unazozijua, ugawanye kwa urefu ulioupata kwenye hesabu yako. Jibu la mgawanyo huo ndilo linalomtaja mkosaji, kwa sababu kila mkanganyiko wa vipimo una uwiano wake na hauubadilishi.

Nukta mbili za kupimia zichague vizuri. Makutano ya reli, kona ya jengo la mawe ambalo bado limesimama, au mnara wa taa wa Ulenge ni nukta za kuaminika. Ukingo wa mikoko haufai, wala fungu la mchanga, wala mlango wa mto, kwani vyote vinahama. Kwa maandishi ya safari, ambayo hayana ramani, tumia miji: kutoka Tanga hadi Pangani kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 42. Mwandishi akisema "maili" sita kasoro kidogo, au "maili" 23, au 26, tayari umejua anatumia maili ipi.

Hizi ndizo namba zinazojitokeza mara nyingi zaidi. Ukipata kinyume chake (1 gawanya kwa namba hiyo), kosa ni lilelile lililofanywa kwa upande wa pili.

1.03 – futi ya Rhineland (mita 0.31385) au futi ya Cape (mita 0.31486) imechukuliwa kuwa futi ya Kiingereza.
1.066 – futi ya kifalme ya Ufaransa (mita 0.3248) imechukuliwa kuwa ya Kiingereza.
1.15 – maili ya bahari imegeuzwa kama maili ya nchi kavu.
1.515 – mnyororo wa futi 100 umehesabiwa kama wa futi 66.
1.83 – pima zimesomwa kama mita.
3.28 – mita zimesomwa kama futi.
4.0 – maili ya kijiografia ya Wajerumani imechukuliwa kuwa maili ya bahari.
4.66 – maili ya Wajerumani ya mita 7,500 imechukuliwa kuwa maili ya Kiingereza.
6 – pima zimesomwa kama futi.

Uwiano ukiwa kati ya 0.998 na 1.002, hujachanganya kipimo kizima. Hilo ni suala la aina ya futi, futikamba au karatasi, na litakuja mbele. Na kama tofauti haibadiliki hata ukipima urefu mwingine, yaani kiwanja kina umbo na ukubwa sahihi ila kimekaa mahali pengine, ruka moja kwa moja hadi kwenye sehemu ya kiwanja kilichohama.

Dalili: shamba limekuwa kubwa mara mbili na zaidi

Mnyororo wa Gunter, uliobuniwa na Edmund Gunter mwaka 1620, una futi 66, sawa na mita 20.1168. Una pingili 100, na kila pingili ni inchi 7.92. Mnyororo wa wahandisi nao una pingili 100, lakini kila pingili ni futi moja, kwa hiyo ni mita 30.48. Kwenye karatasi zote mbili huandikwa kwa kifupi kilekile, "ch" (mnyororo) na "lk" (pingili). Huwezi kuzitofautisha kwa kuangalia namba za mistari peke yake.

Eneo ndilo linalotoboa siri. Chukua kipande cha mstatili chenye upande wa 12.35 na upande wa 8.00. Ikiwa ni minyororo ya Gunter, zidisha upate minyororo ya mraba 98.8. Minyororo ya mraba 10 ni ekari moja, kwa hiyo ni ekari 9.88, karibu hekta 4. Ikiwa ni minyororo ya futi 100, ni futi za mraba 988,000, na ukigawa kwa 43,560 unapata ekari 22.68. Sasa tazama ekari zilizoandikwa pembeni mwa ramani. Aliyepima alihesabu eneo mwenyewe, na alijua mnyororo wake. Kwa mistari uwiano ni 1.515, lakini kwa eneo ni takribani 2.3, na hiyo ndiyo namba utakayoiona kwanza kama umeanzia kwenye hekta.

Kazi za mashamba na mipaka karibu zote ni Gunter, kwa sababu ya wepesi huo wa kupata ekari. Mnyororo wa futi 100 utafute kwenye michoro ya reli, barabara na mifereji.

Dalili: mistari yote iko sawa, isipokuwa mmoja uliozidi mita tisa

Hili ni kosa la mwandishi wa data, halihusu kipimo. Hati imeandika "12 ch 5 lk". Aliyeingiza kwenye kompyuta ameandika 12.5. Pingili ni mia kwa mnyororo, kwa hiyo pingili 5 ni 0.05, na jibu sahihi ni 12.05. Kwa mita, 12.05 ni 242.41, na 12.5 ni 251.46. Umepoteza mita 9.05 kwa sababu ya sifuri moja.

Kulipata ni rahisi: pitia mistari yote ambayo pingili zake ni chini ya 10. Kosa haliwezi kukaa mahali pengine. Kama poligoni haifungi, na pengo lake linaelekea upande uleule wa mstari mmoja wenye pingili chache, huna haja ya kutafuta zaidi.

Ndugu wa kosa hili ni lile la ekari. Hati za zamani huandika eneo kwa namba tatu zenye vichwa A, R na P: ekari, robo ekari na perchi. Robo nne ni ekari, na perchi 40 ni robo, hivyo ekari moja ni perchi 160. Ekari 9.88 za mfano wetu zitaandikwa 9 – 3 – 21. Mtu akiona nukta katikati husoma 9.321, na shamba limepungua zaidi ya nusu ekari papo hapo. Njia ya kugeuza ni 9 + 3/4 + 21/160. Kumbuka pia kwamba perchi ni jina la urefu vilevile: perchi ya urefu ni futi 16.5 (mita 5.0292), robo ya mnyororo wa Gunter. Ikiwa kwenye safu ya urefu, ni mita tano. Ikiwa kwenye safu ya eneo, ni mita za mraba 25.29.

Dalili: kiwanja kina umbo zuri, ila kizima kimehama

Hapa ndipo watu hupoteza muda mwingi kuliko mahali pengine popote, kwani sababu ni nne au tano na zote zinatoa picha moja: mistari ina urefu sahihi, pembe ni sahihi, lakini nyumba ya jirani imekuwa ndani ya mpaka wako. Usikisie. Pima umehama kiasi gani na kuelekea wapi, halafu linganisha.

*Karibu mita 300 kwa kaskazini-kusini, na pungufu ya mita 100 kwa mashariki-magharibi.* Hii ni datamu, yaani msingi ambao majiranukta ya ramani yanahesabiwa juu yake. Ramani za Tanzania za muda mrefu zimejengwa juu ya Arc 1960, na GPS yako inasoma WGS 84. Hakuna futi wala mita iliyokosewa. Kwenye programu ya ramani kama QGIS, faili la zamani la ukanda wa 37 Kusini wa UTM (gridi ya mita ya dunia) lipe namba ya mfumo 21037, na la GPS lipe 32737, kisha iache programu ifanye ugeuzaji. Usisogeze kwa mkono eti mpaka ikae vizuri, maana faili litabaki limeandikwa mfumo usio wake na atakayelirithi atalisogeza tena.

*Karibu mita 85, au karibu mita 19, kwa kaskazini-kusini tu.* Hii ni aina ya futi. Futi ya kimataifa ni mita 0.3048 kamili, tangu makubaliano ya mwaka 1959. Futi ya upimaji ya Marekani ni 1200/3937 ya mita, yaani 0.3048006. Futi ya Clarke ni mita 0.3047972654. Kwenye mstari wa mita 100 tofauti hizi ni chini ya milimita moja, na hakuna futikamba itakayoziona. Lakini majiranukta ya Tanga kwenye mfumo wa UTM ni makubwa: namba ya kaskazini ni karibu 9,440,000 na ya mashariki karibu 511,000. Faili likipita kwenye programu ya kuchora iliyowekwa futi, kisha likarudishwa mita kwa futi ya aina nyingine, kosa la sehemu mbili kwa milioni linazidishwa kwa 9,440,000 na kuwa mita 19. Kwa futi ya Clarke ni sehemu tisa kwa milioni, na hapo ni mita 85. Kwa upande wa mashariki kosa hilohilo ni mita moja tu, au nne na nusu. Ndiyo maana kiwanja kinaonekana kimeteleza wima bila kwenda kando. Dawa ni kutafuta kila hatua ambapo programu iliuliza "futi gani?" na kuhakikisha jibu ni moja kwenda na kurudi. Marekani wenyewe waliiacha futi yao ya upimaji mwishoni mwa 2022, ila menyu za programu bado zinayo, na mara nyingine ndiyo ya kwanza kwenye orodha.

*Karibu mita 5 kwa kaskazini-kusini.* Mtu ametengeneza mfumo wake mwenyewe kwenye programu na ameandika nusukipenyo cha dunia kwa futi ya kisasa. Duaradufu ya Clarke ya 1880, yaani umbo la dunia lililobeba Arc 1960, ina nusukipenyo cha ikweta cha futi 20,926,202. Ukizidisha kwa futi ya Clarke unapata mita 6,378,249.145, ambayo ndiyo namba sahihi. Ukizidisha kwa 0.3048 unapata 6,378,306.37, zaidi ya mita 57 juu. Kwa kuwa Tanga iko kilomita 560 tu kutoka ikweta, kosa la mita 57 kwenye nusukipenyo linashuka hapa kuwa mita 5. Angalia namba hiyo kwenye mipangilio: ikianza na 6,378,3, umempata.

*Umbali unaobadilika kutoka nukta hadi nukta, daima chini ya nusu maili.* Sekunde zimechanganywa na desimali za dakika. 5°04.30' si 5°04'30". Desimali 0.30 ya dakika ni sekunde 18, kwa hiyo umekosea sekunde 12, sawa na mita 369. Hiyo iko karibu sana na mita 300 za datamu na huwapoteza wengi. Kuna njia ya kuzitenganisha: jaribu nukta nyingine. Ikiwa ni .50 iliyosomwa kama sekunde 50, kosa litakuwa sekunde 20, mita 614. Datamu haibadiliki hivyo kutoka bikoni hadi bikoni.

*Kilomita 259 kwa mashariki-magharibi.* Ramani inahesabu longitudo kutoka Paris, ambayo iko 2°20'14" mashariki ya Greenwich. Ikiwa ni karibu nyuzi 17 na dakika 40, ni kutoka Ferro, kisiwa cha Visiwa vya Kanari. Hili halihitaji maelezo marefu, kwani hakuna anayeweza kulikosa.

Dalili: kina cha bahari hakifanani na kipima kina cha mashua

Anza kwa kujua karatasi ni ya pima au ya mita. Ramani za bahari za Uingereza za mita huwa na nchi kavu yenye rangi ya manjano iliyofifia na maandishi ya "DEPTHS IN METRES" pembezoni. Za pima kwa kawaida zina nchi kavu ya kijivu au isiyo na rangi. Shida ni pale ulipo na nakala ya fotokopi, nyeusi na nyeupe, iliyokatwa kingo. Hapo tazama namba ndogo zilizo chini ya namba kubwa.

Kwenye ramani ya pima, namba ndogo ni futi. 3 kubwa yenye 5 ndogo ni pima 3 na futi 5: futi 23, mita 7.01. Kwenye ramani ya mita, alama hiyohiyo ni mita 3.5. Nusu yake! Na pima ina futi 6, kwa hiyo kwenye ramani ya pima namba ndogo haiwezi kuzidi 5. Pitisha jicho kwenye maji ya kina kifupi: ukiona hata moja tu yenye 6, 7, 8 au 9 ndogo, karatasi yako ni ya mita. Usipoiona hata moja kwenye karatasi yenye namba nyingi, ni ya pima. Jaribio hili ni la dakika mbili na halihitaji kingo za karatasi.

Kosa la tatu hapo ni kusoma 3 na 5 kuwa pima 3.5, ambazo ni mita 6.40. Umepunguza sentimita 61. Kwa usalama wa chombo kosa hilo si baya sana, lakini kwa anayelinganisha mchanga uliojaa kati ya mwaka ule na huu, litamfanya aone bahari imechimbika mahali ambapo haikuguswa.

Namba zenye mstari chini yake zina kanuni tofauti. Hizo ni urefu wa mwamba au fungu linaloibuka maji yakipwa. Hata kwenye ramani ya pima, urefu huo umeandikwa kwa futi. 4 yenye mstari chini ni futi 4, mita 1.22 juu ya maji ya chini. Ukizidisha kwa 1.8288 utajenga mwamba wa mita 7.3 ambao hakuna aliyewahi kuuona.

Halafu kuna bamvua. Kina kwenye ramani kinahesabiwa kutoka maji ya chini, na urefu wa vilima na minara unahesabiwa kutoka maji yaliyojaa. Tanga, wakati wa bamvua, maji hupanda na kupwa kwa zaidi ya mita 3. Kwa hiyo kabla ya kulalamika kuwa ramani ya pima inatofautiana na kipima kina kwa mita mbili au tatu, angalia saa na jedwali la maji. Tofauti ya maji kujaa ni ileile kwenye kina kifupi na kirefu. Tofauti ya kipimo inakua kadiri kina kinavyokua. Pima mahali pawili, pa mita 5 na pa mita 20, na utajua unashughulika na lipi.

Ramani au daftari likiwa si la Uingereza, pima hubadilika: ya Kifaransa ni mita 1.624, na ya Kireno ni mita 2.2.

Dalili: nahodha amesema pima kumi, mashine inasema mita 16 na kitu

Wote wawili wako sahihi. Pima ya pwani ni upana wa mikono miwili iliyonyooshwa: mikono minne, au wari mbili. Mkono nao ni shibiri mbili, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Na hapo kuna mkono kamili na mkono konde, ule unaoishia kwenye ngumi. Mtu akiupima mshipi kwa mkono konde kisha akahesabu minne kuwa pima, pima yake itakuwa fupi zaidi.

Usitumie 1.8288 kwa maneno ya mvuvi. Mwombe anyooshe mikono ukutani, weka alama kwenye ncha za vidole vyote viwili, pima kwa futikamba. Ukipata mita 1.68, basi pima kumi za huyo bwana ni mita 16.8. Bora zaidi, mwombe avute kamba pima kumi kama anavyoivuta chomboni, kisha uipime yote. Wengi hawanyooshi mikono hadi mwisho wakiwa na haraka, na kamba itakuambia pima ya kazini.

Bildi (kamba yenye risasi ya kupimia kina) inayotoa kina tofauti kila siku ina tatizo la kamba. Kamba ya katani hufupika ikilowa, kwa hiyo alama zilizowekwa ikiwa kavu zitasoma kina kikubwa kuliko kilichopo. Ya nailoni hurefuka ikivutwa na itasoma kidogo. Loweka kamba usiku kucha, funga risasi yake, ivute kwa uzito uleule wa risasi, ndipo uweke alama. Zikague tena baada ya safari chache.

Dalili: "maili" za mwandishi hazifiki mjini

Maili ya nchi kavu ni mita 1,609.344. Maili ya bahari ya kimataifa ni mita 1,852, iliyokubaliwa mwaka 1929, ila Uingereza iliendelea na yake ya futi 6,080 (mita 1,853.184) hadi 1970. Kati ya hizi mbili za bahari tofauti ni mita 1.18 kwa maili, na mara nyingi unaweza kuipuuza. Kati ya bahari na nchi kavu huwezi.

Mfano unaotugusa hapa ni ukanda wa Sultani. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1886 ulimwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa pwani wenye kina cha maili 10, kuanzia alama ya maji yaliyojaa. Vitabu vingi huandika "maili 10, yaani kilomita 16". Maili za mkataba ni za bahari, kwa hiyo ni kilomita 18.5. Ukichora mpaka huo kwenye ramani ya Tanga kwa kilomita 16 umeukata kwa kilomita 2.4, na vijiji kadhaa vimebadilisha mwenyewe.

Maili ya Wajerumani inahitaji tahadhari zaidi. Ya kijiografia, inayoingia mara 15 kwenye nyuzi moja ya ikweta, ni mita 7,420. Ya Prussia ni mita 7,532.5. Baada ya Ujerumani kuingia kwenye mita mwaka 1872, maili ilihesabiwa kuwa mita 7,500. Kwa umbali wa Tanga–Pangani tofauti kati ya hizo tatu haifiki kilomita moja, na maandishi ya safari hayana usahihi wa kuzitenganisha. Tumia 7.4 au 7.5, na uandike pembeni umetumia ipi.

Wareno, ambao meli yao São Rafael ilikwama kwenye mafungu ya Mtangata, karibu na Tanga, mwaka 1498, walihesabu kwa legua. Legua 18 kwa nyuzi ni kilomita 6.17, na 17.5 kwa nyuzi ni 6.35. Za Kifaransa: 20 kwa nyuzi (kilomita 5.556) baharini, 25 kwa nyuzi (4.44) nchi kavu.

Uwiano wa 0.83 kwenye umbali wa meli za kale hautoki kwenye maili. Unatoka kwenye batli, kifaa cha kupimia mwendo wa chombo. Kamba ya batli ya zamani ilikuwa na mafundo kila futi 42 na kioo cha mchanga cha sekunde 30, hesabu inayotoa maili ya futi 5,040 tu. Baadaye mafundo yaliwekwa kila futi 47 na inchi 3 kwa kioo cha sekunde 28, na maili ikawa futi 6,075. Meli yenye kamba ya zamani iliandika maili nyingi kuliko ilizokwenda.

Ukipima umbali kwa dira ya kuchorea kwenye ramani yenyewe, tumia skeli ya latitudo ya pembeni, usawa wa mahali unapopima. Kwa Tanga, dakika moja ya latitudo ni mita 1,843, si 1,852. Dakika ya longitudo ni 1,848. Mita tano tu ndizo zinazotenganisha hizo mbili, na hapo ndipo tabia mbaya inapojengeka: mtu anapima kwa skeli ya juu ya karatasi, hakuna kinachoharibika, kisha anakwenda na mazoea hayo kwenye ramani ya latitudo za mbali, ambako kosa ni kubwa.

Kwa wanaosoma mabaharia wa Kiarabu kama Ibn Majid, isba ni kimo cha nyota juu ya upeo, haijawa latitudo bado. Mzunguko wa isba 224 unatoa 1°36' kwa isba, na wa 210 unatoa 1°43'. Zam nane ni isba moja, yaani zam ni kilomita 22 hadi 24 ukienda kaskazini au kusini moja kwa moja. Zam pia ni saa tatu za kusafiri. Ukiona zam za safari ya kuelekea mashariki au magharibi, ni saa, na kilomita zake zinategemea upepo.

Dalili: uwiano ni 1.0003, au 0.9985, haupo popote kwenye orodha

Futikamba ya chuma imesawazishwa kwa kawaida kwenye nyuzi joto 20. Ikilala juani Tanga hadi ifike 45, ya mita 30 inarefuka karibu milimita 9, sawa na sentimita 29 kwa kilomita. Ikiwa ndefu, inasoma pungufu. Mnyororo wa zamani ulikuwa mbaya zaidi, kwani pete zake zililika kwenye viungo na kila mwaka ulirefuka. Uwiano ukiwa mmoja kwenye mistari yote ya hati moja, zidisha wote kwa huo. Ukiwa chini ya 1 kwenye mistari ya mlimani na karibu na 1 kwenye tambarare, aliyepima alifuata mteremko bila kuusawazisha, na hapo kila mstari una marekebisho yake.

Uwiano ukitofautiana kati ya wima na mlalo wa karatasi ileile, ni karatasi iliyonywea au kuvimba kwa unyevu, na fotokopi huongeza lake. Usiamini "1:63,360" (inchi moja kwa maili ya nchi kavu) wala "1:72,960" (inchi kwa maili ya bahari) iliyochapishwa. Pima mistari ya gridi au ya latitudo na longitudo pande zote nne, tafuta uwiano wake kwa wima na kwa mlalo, na kwenye programu uweke nukta za kurekebisha, angalau sita, zikiwemo pembe nne. Ramani iliyokunjwa miaka mingi pia hupinda kwenye mikunjo. Hiyo iskani kipande kwa kipande kati ya mkunjo na mkunjo, kila kipande na nukta zake, ndipo uviunganishe.